Waliokaa Ndani ya Koti la Kapita

Likasi, Kikula
Jumamosi, 16 Mei 1970

Yaya Radjabu,

Naanza na hesabu. Salamu zitafuata kama nafasi inabaki.

Kuanzia Jumatatu chuo chetu kinafanya juma la sherehe za chama, siku sita, na mupiga picha wa gazeti ni minye peke yangu. Gazeti letu unalijua: ule ubao wenye kioo kwenye mulango wa chumba cha kulia. Tunabandika picha na maandishi ya mashine, watu wanasoma wakingoja maharagi. Casimir, mukubwa wa gazeti, njo huyo huyo mukubwa wa vijana wa chama hapa chuoni, ameniletea programu. Jumatatu mupira, Jumanne kwaya, Jumatano maandamano, Alhamisi karakana, Ijumaa mashindano ya baiskeli mpaka Panda, Jumamosi kufunga ukumbini, na mugeni mukubwa kutoka Lubumbashi. Nikamuuliza, "Na film?" Akasema, "Bibi, weye ni mujanja, utajipanga." Hilo neno "utajipanga" ninalijua tangu baba alipokufa. Linasemwa na muntu anayekutwisha muzigo wake huku yeye anaondoka mikono mitupu.

Nipe roli mbili za film. Picha ishirini na ishirini ni arobaini. Gawa kwa siku sita, haifiki hata saba kwa siku, na hapa kila muntu anataka kuonekana, hata Mama Émilienne wa jikoni. Kwa hiyo nitafanya vile ulinifundisha nilipokuwa nafagia studio yako, nikaanza kukuita Yaya kama kaka mukubwa: film ikiisha, piga flashi ya heshima. Mwanga unawaka, muntu anafurahi, picha hakuna. Vijana wa hapa wameshaujua huo muchezo. Wanauliza, "Bibi, ni ya kweli ao ni ya heshima?" Nikisema ya heshima, wananitolea ulimi.

Kile kifungo chekundu nyuma ya flashi, chenye kuwasha mwanga bila kugusa kamera, kinakwama mara kwa mara tangu mvua za Machi. Nilikuandikia. Hukujibu. Naandika tena.

Jambo lingine: bahasha yako ya mwisho ilifika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa uji wa unga. Idi dereva, mwenye kutubebea barua, anaapa si yeye. Basi ni nani?

Mudogo wangu Nicolas anakusalimia. Huu ni mwaka wake wa kwanza chuoni, lakini mudomo wake umeshafika mwaka wa tatu. Minye njo ninamusomesha, yeye anasikiliza wengine.

Mudogo wako,
Bibiane


Mwadingusha, 17 Mei 1970

Mdogo wangu Bibiane,

Pokea salamu kwanza, maana kwetu mtu hahesabu vyombo vya ndani kabla ya kubisha hodi. Mimi ni mzima. Maji ya Lufira ni mengi na umeme haukatiki. Kwa ajili ya hayo mawili tu nilihamia huku bwawani, baada ya kunyang'anywa chumba changu pale Likasi.

Nimempa Idi roli mbili. Nimezivingirisha mwenyewe gizani kutoka kwenye kopo kubwa, kama siku zote. Kila moja ni ishirini. Ukifika ishirini, simama. Usivute tena mkono wa kamera, ule wa kusogeza film, itachanika ndani na hapo mimi sitakuwa na la kukusaidia.

Kifungo, kipake spiriti. Ukija likizo nitakifungua.

Mambo ya bahasha siyajui. Ila mimi siandiki kitu nisichotaka kisomwe, nawe fanya hivyo. Hapa kambini yuko Camille, kapita, yaani mnyapara wa mitambo, na ndiye msimamizi wa chama kwa nyumba zote za wafanyakazi. Juzi aliniuliza, "Yule binti wa chuo anakuandikia nini kila juma?" Nikamjibu, "Anaomba film." Akacheka. Kicheko chake sikukipenda.

Mkanye Nicolas.

Ni mimi,
Radjabu wa Picha


Likasi, Jumapili, 24 Mei 1970

Yaya Radjabu,

Nimechoka mpaka nimelala na viatu. Roli zote mbili ziko kwa Idi, nimezifunga ndani ya soksi.

Mupira tulifungwa. Golikipa wetu nimemupata akiruka vizuri kabisa, mupira wenyewe hauonekani, na ni afadhali kwake. Kwaya ilirudia wimbo mara tatu kwa sababu Casimir alisema mudomo wa Alphonsine ulikuwa umefungwa kwenye picha. Nikamuuliza aliuonaje na film bado haijaoshwa. Alikasirika. Ijumaa waendesha baiskeli walitaka flashi mchana, jua likiwa utosini! Nikawapa za heshima, wote.

Roli ya pili ni ya Jumamosi ukumbini. Namba kumi na tisa ni mugeni anapokea maua, ishirini ni mugeni na mukuu wa chuo. Hizo chapa kubwa.

Baada ya ishirini palikuwa na ujinga kidogo wa vijana. Nitakuambia kwa kinywa, si kwa karatasi. Ila muntu yeyote akikuuliza, roli ya pili ilikuwa na ishirini, na zote ni mugeni, maua na kwaya. Sema vile tu.

Bibiane


Mwadingusha, 27 Mei 1970

Bibiane,

Picha zako ni hizi, arobaini, na mbili kubwa. Ya golikipa ni nzuri kuliko anavyostahili.

Sasa, yale maneno yako ya mwisho hayajaniacha nilale. "Muntu yeyote akikuuliza." Nani ataniuliza mimi, huku? Na kwa nini unifundishe kusema kitu ambacho nakijua kuliko wewe? Mtu akiniomba niseme kweli, mimi hujiuliza uongo uko wapi.

Jana Camille kapita alikuja kupigwa picha ya kitambulisho, amevaa koti jeusi na tai. Pametokea neno. Sitaliandika.

Nijibu swali moja, bila kona: Jumamosi ile, baada ya ishirini, ulifanya nini na kamera yangu?

Radjabu


Likasi, Ijumaa, 29 Mei 1970

Yaya Radjabu,

Kamera si yako. Nilimaliza kuilipa kwa jasho la kupiga vitambulisho pale sokoni, na unajua mwezi gani. Hata hivyo nakujibu, kwa ajili ya Nicolas, na barua hii Idi ataificha ndani ya kiatu.

Mugeni alipomaliza hotuba, mutangazaji akapiga kelele: wote simama, tumwimbie Mukubwa wa nchi. Ukumbi muzima ukasimama. Nyuma kabisa, benchi la karibu na mulango, vijana sita wakabaki wamekaa. Nicolas ni mumoja wao. Walikaa kwa ajili ya mwenzao Étienne, yule aliyechukuliwa bwenini mwezi wa nne na watu wasiosema majina yao, na mpaka leo hakuna anayejua aliko. Walio mbele hawakuwaona, migongo ilikuwa imewaficha.

Minye nilikuwa pembeni ya benchi. Nicolas akanong'ona, "Yaya, tupige." Nikamwambia, "Film imeisha. Ni ya heshima." Wakanyanyua videvu, wakatoa ndimi. Na Casimir! Yeye aliwekwa nyuma kusudi aangalie nani hapigi makofi. Akaona ninanyanyua flashi, akajitupa mwisho wa benchi, mukono shingoni mwa Nicolas, ulimi mpaka kidevuni. "Ya heshima! Na minye nimo!" Kile kifungo kikakwama tena, spiriti haikusaidia kitu, kwa hiyo nikavuta mukono wa kamera, nikabonyeza. Mwanga ukawaka. Mugeni akageuka. Aliona mwanga, akaona kuna watu wamekaa, sura hakuziona.

Tangu Jumatatu kuna muntu wa miwani nyeusi ofisini kwa mukuu wa chuo. Anataka kitu kimoja: picha ya ule mwanga. Nilimueleza. Akasema, "Binti, nimeishi Ulaya miaka mine, sijaona muntu anawasha mwanga wa bure." Amempa mukuu wa chuo mpaka Jumamosi ya juma lijalo. Picha ipatikane, ao majina yataokotwa popote, na la Nicolas linaweza kuwamo, wafuate njia ya Étienne, na minye nitoke chuoni. Watu chini chini wanasema gereza la Buluo. Nicolas hali chakula. Casimir kila asubuhi ananishika mulangoni: "Bibi, iko ao haiko?"

Uliikata film kwa mukono wako. Niandikie kwa herufi kubwa: baada ya ishirini hakuna kitu.

Tena: huyo wa miwani alilijua jina lako, na kwamba weye njo unaosha film zangu. Minye sikumwambia. Nani alimwambia?

Bibiane


Mwadingusha, 31 Mei 1970

Bibiane,

Soma hii ukiwa umekaa; Idi anaibeba kiatuni, kama alivyobeba yako.

Roli zangu hazina ishirini. Zina ishirini na nne. Zimekuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Nakwambia ishirini, unasimama, roli inarudi kwangu, na gizani, kabla ya kuosha, nakata ule mkia ambao haujapigwa. Kwa mikia nawapiga wafanyakazi wa hapa vitambulisho. Film ni shida, hili halihitaji kuelezwa.

Jumanne Camille amekuja. Nikachukua mkia wa roli yako ya pili, nikautia kwenye kamera, nikampiga mara moja mbele ya shuka jeupe. Nikaosha, nikachapa, yeye akingoja nje anavuta sigara. Karatasi ikiwa ndani ya beseni, uso wake ukatokea, mzuri tu. Halafu koti. Shuka jeupe lilikuwa limekula kila kitu, lakini weusi wa lile koti haukula, na ndani ya weusi wakaanza kutokea watu. Benchi. Vijana sita na wa saba, ndimi nje. Nicolas yuko penye kifungo cha tatu, wazi kama kwenye kioo. Wamekaa, Bibiane, na pembeni yao mgongo wa mtu aliyesimama. Mkia ulikuwa umekwisha kupigwa na wewe, nami nimepiga juu yake.

Sikupata nafasi ya kuificha. Camille aliingia bila hodi. "Radjabu! Hawa ni nani ndani ya tumbo langu?" Akainyakua ikiwa mbichi, akakimbia nayo. Sasa anazunguka kambi nzima akisema nimemjaza watu, na tangu siku hiyo chakula hakimkai.

Zamu yangu kuuliza. Kwa nini uliwapiga? Ulinifundisha niseme ishirini kabla mtu hajaniuliza. Yule wa miwani analijua jina langu, na Likasi nzima anayejua nani anaosha film zako ni wewe. Je, ulikwisha gundua mikia yangu? Uliwapiga makusudi, ukijua picha itakutwa mikononi mwa Radjabu, mtu wa Kasongo asiye na ndugu wa kumsemea, si mikononi mwako?

Negatifu ninayo. Sijaamua.

Radjabu


Likasi, Jumanne, 2 Juni 1970

Radjabu,

Leo siandiki Yaya.

Miaka sita. Tuseme roli mbili kwa mwezi, na miezi mingine zilikuwa tatu. Miezi sabini na mbili mara mbili ni roli mia moja arobaini na nne. Mara nne: picha mia tano sabini na sita ulinificha. Siku ya harusi ya dada yake Alphonsine nilifika ishirini kabla bibi harusi hajatoka kanisani. Nikasimama vile ulinifundisha. Mama yao mpaka leo hanisalimii. Nilikuwa na nne ndani ya kamera, nimezishika mukononi, na nilikuwa nalia!

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikasema: amenunuliwa. Casimir amemupa kitu ili aniandikie hivi, nitishike, niseme majina. Mara ya pili nikakumbuka mukono wa kamera. Ulienda laini kama unapita kwenye mafuta. Film ikiisha mukono unakataa, kila mupiga picha anajua. Lakini weye ulinifundisha kusimama kabla haujakataa, kwa hiyo minye sijawahi kuusikia ukikataa. Ningejuaje? Na ungetengeneza kile kifungo nisingeugusa huo mukono.

Kama ningetaka kukuuza, Radjabu, ningekuuza na muntu mwingine, si na mutoto wa mama yangu.

Sasa sikia. Wanawake wanaoleta samaki wa Mwadingusha wameleta pia habari sokoni: kuna kapita huko ana mimba ya wanafunzi. Watu wanacheka mpaka wanaangusha vikapu. Casimir alikuwa ananunua sigara. Nilimuona anasikia. Uso wake ukawa majivu. Kesho asubuhi anapanda gari la Idi kuja kwako, na beji ya chama, na karatasi yenye muhuri. Barua hii iko katika gari hilo hilo, chini ya kiti cha pembeni ya Idi, Casimir ataikalia. Atasema ametumwa na muntu wa miwani. Sijui kama ni kweli. Jua tu kwamba yule wa saba, mwenye ulimi murefu, njo yeye.

Hiyo negatifu ni maisha ya Nicolas. Ichome. Kama umeshaitoa, niambie leo, nimupeleke kwa mama mudogo, kule Kambove, kabla Jumamosi haijafika.

Bibiane


Mwadingusha, 4 Juni 1970

Mdogo wangu Bibiane,

Mimi bado naandika mdogo wangu. Wewe utaniita utakavyo.

Idi alinipa barua yako ndani ya samaki wa kukauka, huku huyo Casimir wako akiwa nyuma yake anapangusa vumbi la viatu. Nikamwambia asubiri, nakula. Nikasoma. Nikatoka nikamtazama. Picha ile nilikuwa nimeitazama siku nane. Bila ulimi sikumjua mara moja.

"Kwa jina la chama, negatifu," akasema, akanipa karatasi. Mhuri ulikuwa wa maktaba ya chuo chenu. Nikamuuliza, "Chama kimeanza kuazimisha vitabu?" Akanywea kidogo. Akasema, "Mzee, usinichoshe. Muntu wa miwani anaitaka leo."

Kabla sijajibu, Camille akaingia. Bila hodi, kama kawaida yake. Amekuja kwa ajili ya tumbo lake, na ile picha ameifunga katika kitambaa. Akamtazama mgeni wangu. Akafungua kitambaa, akatazama picha. Akamtazama tena. Bibiane, sijawahi kuona mtu mzima anaruka vile.

"Ni huyu! Huyu wa mwisho, wa ulimi! Mutoto, unafanya nini ndani yangu?"

"Papa, minye sikujui."

"Hunijui? Siku nane unalala kwenye koti langu na hunijui? Toka! Toka na wenzako!" Ameshamkamata shati, vifungo vinaruka.

"Papa Camille, pardon, ni foto tu, ni flashi ya heshima..."

Hapo Camille akaisogeza picha dirishani. Ile hofu ikamtoka usoni, akarudi kuwa msimamizi wa chama. "Ngoja," akasema. "Huyu mugongo umesimama. Ninyi mumekaa. Hii ni siku gani? Hii si sherehe ya chama?" Na mkono wake ukahama kutoka kwenye shati kwenda shingoni.

Casimir akapiga magoti kwenye sakafu yangu yenye madoa ya dawa za film. Nami nikaona Nicolas amekwisha, na mimi, na wewe. Sikuwa nimepanga neno. Nilisema lililokuja.

"Kapita, mpeleke ofisini, ni haki yako. Watakuomba picha. Utawaonyesha. Watauliza: hawa waliokaa kinyume cha chama, wamekaa wapi? Utajibu nini? Wamekaa ndani yako. Uso ni wako, tai ni yako, koti ni lako, na mwenye kuwabeba siku nane bila kusema ni wewe."

Camille akakaa kwenye kiti cha wateja, picha mkononi.

"Minye njo ninafungua barua getini," akasema taratibu, kama anajisemea. "Minye njo nilimupa yule wa miwani jina lako. Ataniuliza kwa nini hii sikumupa."

"Atakuuliza," nikasema.

Basi, ndivyo tulivyokuwa: watu watatu wanaochukiana, na kila mmoja anataka kitu kimoja. Nikatoa negatifu. Casimir mwenyewe akaiwashia kiberiti, ndani ya beseni langu, mpaka ikawa tone jeusi. Picha Camille aliikata kwa mkasi wangu: kichwa akakiweka mfukoni, koti akaenda nalo kwenye ukingo akalitupa Lufira, chini ya milango ya bwawa, waende na maji. Aliporudi alisema njaa inamuuma. Nimempiga nyingine, shati jeupe. Na Casimir amekaa mezani kwangu akaandika ripoti yake kwa mtu wa miwani: kwamba amesafiri mwenyewe, ameihesabu film mwenyewe, ni ishirini, na mwanga wa bure ni desturi ya wapiga picha wa huku, ulizeni yeyote. Amesaini. Idi anamrudisha leo, ameshika shati kwa mkono maana vifungo vimebaki kwangu.

Camille hatafungua tena barua zetu. Anaogopa kitakachomwingia.

Mikia. Sikukuibia, nilikuwa nabakiza. Mtu aliyekuta mali yake imetolewa nje barabarani hujifunza kubakiza, na hujifunza kutomwambia mtu, hata mtu wake. Nilipaswa kukuambia wewe. Roli iliyomo humu ni ishirini na nne. Ihesabu.

Radjabu


Likasi, Jumatatu, 8 Juni 1970

Yaya Radjabu,

Nimehesabu mpaka mukono wa kamera ukakataa. Ni ishirini na nne kweli. Kwanza nilifikiri labda ni ishirini na nane, nisamehe, ni ugonjwa wa kutoamini na utachelewa kupona.

Ninauliza mara moja tu na sitarudia: picha alikuwa nayo Camille, weye uliitazamaje siku nane, na mupiga picha gani anachapa moja tu, hata ya majaribio haibaki? Usinijibu. Nimeamua kuamini, na nikiulizwa tena sitakuwa na nguvu ya kuamua.

Jumamosi muntu wa miwani aliisoma ripoti mbele yetu wote, minye, mukuu wa chuo na Casimir, ambaye sasa ananiita Dada Bibiane, jina zima. Aliisoma polepole. Halafu akasema, "Nionyeshe huo mwanga wa bure." Roli yako ilikuwa ndani ya kamera. Asubuhi nilikuwa nimepiga vitambulisho vya mwaka wa kwanza, nikafika ishirini.

Nikamwambia, "Bwana mukubwa, film imeisha, hii ni ya heshima tu." Nikavuta mukono wa kamera, nikainyanyua. Yaya, unajua alifanya nini? Alinyoosha tai. Akapitisha mukono kichwani. Halafu akavua miwani, akaikunja, akaiweka mezani, ili aonekane vizuri. Nikabonyeza. Akapepesa macho, akacheka kidogo, akauliza, "Imetoka?" Kama mupishi. Kama waendesha baiskeli. Nikasema, "Hapana, bwana, ni vile tu." Akamugeukia mukuu wa chuo: "Kweli, ni desturi." Akafunga faili. Saa nane gari lake lilikuwa limeondoka.

Nicolas amekula, amelala, na leo asubuhi amenijibu vibaya, kwa hiyo amepona. Benchi lile la nyuma wamelihamishia jikoni kwa Mama Émilienne.

Kuna neno limebaki. Usiku ule walipokuja kumchukua Étienne bwenini, Nicolas alikuwa kitanda cha jirani. Anasema watatu walikuwa wanajeshi, wa nne alibaki mulangoni, alikuwa amevaa miwani nyeusi na ilikuwa usiku. Sura yake hakuna aliyeiona. Mama yake Étienne bado anauza vitumbua hapa nyuma ya posta, na kila muntu wa chuo akipita anamuuliza alimuona mutoto wake mara ya mwisho akiwa na nani.

Roli hii Idi anakuletea mukononi. Kuanzia sasa nitavingirisha mwenyewe, unitumie kopo. Lakini hii ya mwisho iingie gizani kwako. Akikuuliza muntu, ina ishirini, za watoto wa mwaka wa kwanza.

Mukia usiukate. Uoshe.

Mudogo wako,
Bibiane